Shaba Iliufuata Umeme: Njia za Umeme na Historia ya Kwetu Kisinga

Utangulizi

Babu yangu alifanya kazi katika mgodi wa Kilembe hadi ulipofungwa mwaka 1982. Nilipokuwa mdogo alikuwa akitusimulia habari za mgodi huo jioni, taa ya mafuta ikiwa mezani, na mara nyingi alimalizia kwa sentensi moja: "Shaba yetu iliufuata umeme, umeme haukuifuata shaba." Nilidhani ni fumbo la wazee. Nilipoanza kusoma historia chuoni ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa akieleza jambo lililotokea kweli. Mawe yalichimbwa Kilembe, yakasagwa na kuchambuliwa huko huko, kisha shaba ikapakiwa kwenye treni Kasese na kusafirishwa zaidi ya kilomita 400 hadi Jinja ili ikayeyushwe, kwa kuwa umeme wa kuyeyushia ulikuwa Jinja.

Katika insha hii ninajaribu kujibu swali ambalo babu aliliacha bila jibu: kwa nini shaba ndiyo iliyosafiri, na si umeme? Ili kulijibu, itanibidi kwanza nieleze kwa ufupi jinsi njia ya umeme inavyofanya kazi, kisha nirejee Jinja na Kilembe katika miaka ya 1950. Baadaye nitamchukua msomaji mbali kidogo, hadi kwenye maabara moja ya Marekani yenye njia za umeme za mita chache tu, maana huko nimejifunza jambo lililonisaidia kuona vizuri zaidi ya kwetu. Hoja yangu ni hii: wahandisi wa njia za umeme huuliza daima ni kiasi gani kinafika mwisho wa njia. Lakini kabla yao kuna mtu ameshaamua mwisho huo uwe wapi. Historia ya Kasese imo katika uamuzi huo wa pili.

Kiasi gani kinafika?

Njia ya kwanza ndefu ya umeme katika mwambao wetu haikubeba umeme wa taa bali ilibeba habari. Mwaka 1879 kampuni ya Eastern and South African Telegraph ililaza waya chini ya bahari kutoka Aden hadi Zanzibar, kisha Msumbiji na Durban. Tatizo la nyaya za namna hiyo lilikuwa limekwisha kujulikana: alama ikitumwa upande mmoja ikiwa fupi na kali, upande wa pili huwasili ikiwa imelegea na kutawanyika, mithili ya wino uliodondokea karatasi iliyolowa. Aliyeeleza jambo hili kikamilifu katika miaka ya 1880 ni Mwingereza Oliver Heaviside, ambaye aliwahi kuwa karani wa telegrafu. Alionyesha kwamba waya si bomba tupu la kupitishia umeme. Kila mita yake ina ukinzani, ina uga wa sumaku unaouzunguka, hujilimbikizia chaji, na huvujisha kidogo. Ukijua mambo hayo manne utajua kitakachofika.

Umeme wa nguvu nao ulikuwa na tatizo lake. Nguvu ni mkondo mara msongo, na kinachopotea njiani kuwa joto hukua kwa mraba wa mkondo. Tuwachukue wapagazi wanaobeba mahindi kwenda soko la Mpondwe. Wapagazi ni mkondo, na mzigo wa kila mmoja ni msongo. Ukiwa na wapagazi wengi wenye mizigo midogo, watasongamana njiani na kula sehemu kubwa ya mahindi kabla ya kufika. Ukiwa na wachache wenye mizigo mikubwa, mahindi yatafika. Ndiyo sababu njia ndefu hujengwa kwa msongo mkubwa. Ukiupandisha msongo kutoka kilovolti 33 hadi 132, yaani mara nne, kwa nguvu ile ile na waya ule ule, upotevu hushuka hadi sehemu moja ya kumi na sita.

Jambo hilo lilithibitishwa hadharani nchini Ujerumani mwaka 1891, wakati umeme wa maji ulipotolewa Lauffen na kupelekwa kwenye maonyesho ya Frankfurt, umbali wa kilomita 175, na takriban robo tatu yake ikafika. Kuanzia hapo hapakuwa tena na sababu ya kusema kwamba umeme wa maporomoko lazima utumike kando ya maporomoko.

Jinja, Nairobi na Kilembe

Turudi sasa Uganda. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya kikoloni ilimleta mhandisi Charles Westlake achunguze uwezekano wa kuzalisha umeme katika Mto Nile. Kutokana na ripoti yake, Bodi ya Umeme ya Uganda iliundwa mwaka 1948, na bwawa la Owen Falls, ambalo leo kituo chake kinaitwa Nalubaale, likafunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili tarehe 29 Aprili 1954. Kituo kilipangwa kuwa na mitambo kumi ya megawati 15 kila mmoja, jumla megawati 150. Kwa Uganda ya wakati huo, umeme huo ulikuwa mwingi kuliko wateja. Bodi ilihitaji wanunuzi wakubwa, na iliwahitaji haraka.

Wakati huo huo, upande wa magharibi, shaba ya Kilembe iliyokuwa ikijulikana tangu mwanzo wa karne ilipata mtaji wa Wakanada, na reli kutoka Kampala ikafika Kasese mwaka 1956. Mwamba wa Kilembe ulikuwa na shaba kama asilimia 2 tu, hivyo isingewezekana kuusafirisha ulivyo. Ulisagwa na kuchambuliwa mgodini. Umeme wa kazi hiyo ulitoka jirani, kwenye mtambo wa maji wa Mto Mubuku wenye megawati 5 hivi, uliojengwa kwa ajili ya mgodi. Babu alikuwa katika kitengo hicho cha kusaga. Kwa hiyo si kweli kwamba kwetu hapakuwa na umeme. Ulikuwapo, ila njia yake ilikuwa fupi na ilikuwa na mwisho mmoja.

Kuyeyusha ni kazi nyingine. Tanuru la umeme lina njaa kubwa, na halipendi kukatiwa. Jinja ilikuwa na umeme wa kutosha, na Bodi ilikuwa inatafuta mteja wa aina hiyo. Zaidi ya hayo, treni ya Kasese ilikuwa lazima ipite Jinja ikielekea Mombasa. Kuyeyushia shaba Jinja hakukuongeza safari hata hatua moja. Mtu aliyekaa na kalamu na karatasi mwaka 1955 angefikia uamuzi ule ule: acha shaba isafiri, maana itasafiri hata hivyo.

Hapa ndipo nilipodhani nimemjibu babu. Lakini mwaka 1958 kulitokea jambo ambalo huvuruga jibu hilo. Njia ya kilovolti 132 ilikamilika kutoka Tororo hadi Nairobi, kufuatia mkataba wa mwaka 1955 ambao Uganda iliahidi kuiuzia Kenya megawati 30 kwa miaka 50. Tazama ramani. Kutoka Jinja hadi Nairobi kupitia Tororo ni mbali kuliko kutoka Jinja hadi Kasese. Kwa hiyo umbali haukuwa kizuizi, na ufundi haukukosekana. Tofauti ilikuwa mwisho wa njia. Nairobi ilikuwa na viwanda, maofisi na nyumba za walowezi, na kampuni maalumu iliyoundwa mwaka 1954 kwa ajili ya kuupokea umeme huo. Kasese ilikuwa na mgodi mmoja, na mgodi huo ulikuwa umekwisha kujipatia umeme wake. Vijiji vilivyouzunguka, pamoja na Kisinga, havikuwa mwisho wa njia yoyote. Havikuhesabiwa kuwa mteja.

Kati ya mwaka 1956 na 1982 Kilembe ilitoa zaidi ya tani 200,000 za shaba, na kwa miaka kadhaa shaba ilikuwa ya tatu katika mauzo ya Uganda nje ya nchi, baada ya kahawa na pamba. Si ajabu kwamba katika miaka hiyo hiyo, mwaka 1962, vuguvugu la Rwenzururu lilianza milimani kwetu. Sisemi kwamba watu walipigania umeme. Madai yao yalikuwa ya utawala na heshima. Nasema tu kwamba kijana wa Kikonzo aliyeona treni ya shaba ikishuka kwenda mashariki hakuhitaji kusomewa hotuba ili ajue maana ya kuachwa kando.

Njia ya mita chache

Nilipokuwa nikitafuta maandishi kuhusu ufanisi wa njia za umeme nilikutana na habari za mashine iitwayo Z, iliyoko katika maabara ya Sandia, Albuquerque, Marekani. Mwanzoni nilitaka kuziruka, kwani hazikuhusu Afrika Mashariki. Lakini nilivyozidi kusoma niliona kwamba wahandisi wa huko wanahangaika na swali lile lile, kwa kipimo kingine.

Mashine ya Z ni duara lenye kipenyo cha mita 33 hivi. Pembeni mwake kuna makundi 36 ya kapasita, yaliyopangwa kwa mtindo uliobuniwa na Mjerumani Erwin Marx katika miaka ya 1920. Kapasita hizo huchajiwa polepole, kisha hufunguliwa kwa pamoja. Nishati iliyohifadhiwa ni takriban megajuli 20. Idadi hiyo inatisha hadi uigeuze: haifiki hata uniti 6 za umeme, zile tunazonunua kwa ajili ya mita nyumbani. Siri haiko katika wingi bali katika muda. Nishati hiyo hubanwa hatua kwa hatua hadi itoke kama mpigo wa sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde, na katikati ya duara hupita mkondo wa hadi ampea milioni 26 hivi. Wanasayansi huutumia kuchunguza jinsi maada inavyokuwa chini ya joto na shinikizo la kupindukia.

Kwa muda mfupi kiasi hicho, mwanga husafiri mita 30 tu. Kwa hiyo mita chache za chuma huwa njia ndefu, na Heaviside anarudi: mpigo husafiri kama wimbi, na kila unapokuta badiliko la ghafla, sehemu yake hurudishwa ulikotoka. Heaviside aliuita uzito ambao njia huupa wimbi "impidansi". Kama impidansi ya chanzo, ya njia na ya mwisho wake hazipatani, nishati hugonga na kurudi hata kama waya ni mzuri namna gani. Waingereza walitangulia katika ufundi huu: Alan Blumlein, aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1942 akijaribu rada, aliacha mpango wa kuunganisha njia mbili ili kutoa mpigo safi, na baadaye J. C. Martin na wenzake wa Aldermaston waliukuza ufundi wa mipigo mikubwa katika miaka ya 1960.

Karibu na kitovu cha mashine, mpigo hupita katika ombwe, kati ya sahani za chuma zilizokaribiana sana. Hapo hakuna kihami ambacho kingestahimili. Elektroni hung'oka kwenye chuma na kutaka kuruka kwenda sahani ya pili, jambo ambalo lingeumaliza mkondo njiani. Zinazuiwa na uga wa sumaku wa mkondo wenyewe, ambao huzipinda na kuzirudisha. Yaani njia hujikinga kwa nguvu ya kile inachokibeba. Lakini kinga hiyo ina mipaka. Nafasi kati ya sahani ikiwa pana, mkondo huchelewa kupanda. Ikiwa finyu, gesi ya moto huijaza na kuifunga. Na mahali pagumu kuliko pote ni pale njia kadhaa zinapoungana kuwa moja kabla ya kufika mwisho. Hapo uga wa sumaku hufutika katika sehemu ndogo ndogo, kinga hukosekana, na mkondo huvuja.

Hilo ndilo jambo nililojifunza: upotevu mkubwa si lazima uwe katikati ya njia. Mara nyingi uko kwenye maungio, karibu kabisa na anayesubiri.

Kutoka Nyamugasani hadi kwa baba mdogo

Leo Kasese si mahali pa kusubiri umeme wa Jinja. Mito inayoteremka kutoka Rwenzori imewekewa mitambo mmoja baada ya mwingine. Mbali na ule wa zamani wa mgodi, Mubuku una mtambo uliojengwa kwa ajili ya kiwanda cha kobalti cha Kasese, na ule wa Bugoye wa megawati 13 ulioanza mwaka 2009. Baadaye ikaja Nyamwamba, Lubilia mpakani mwa Kongo karibu na Bwera, na Nyamugasani, mto ambao sisi wa Kisinga tunaufahamu tangu utotoni. Ukiijumlisha mitambo yote ya wilaya unapata zaidi ya megawati 50, yaani zaidi ya theluthi moja ya Owen Falls ilivyokamilika. Umeme wake huingizwa katika gridi, na kituo kikuu cha kupozea umeme kwa upande wetu, Nkenda, kimeunganishwa na njia za msongo mkubwa zinazokwenda mbali, mojawapo ikiwa ile ya Fort Portal na Hoima.

Baba mdogo alikuwa na mashine ya kusaga mahindi na muhogo katika senta yetu. Umeme ulipofika aliuza injini yake ya dizeli na kununua mota ya umeme. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye mashine hiyo. Kwa mwaka wa kwanza mambo yalikwenda vizuri. Kisha nyumba nyingi zikaunganishwa kwenye transfoma ile ile, na jioni taa zikaanza kuwa nyekundu kama makaa. Jioni moja mota iliungua. Baba mdogo alipokwenda kulalamika aliambiwa kwamba mota yake ilikuwa mbovu. Muhula huo mimi nilikaa nyumbani.

Likizo iliyofuata nilimwomba fundi mmoja wa redio aniazime kipimo chake. Kwa siku saba nilipima soketi ya nyumbani saa moja jioni. Panapotakiwa volti 240, siku mbaya zaidi nilipata 171. Wakati ule sikujua hesabu yake, leo ninaijua. Mota iliyobeba kazi ile ile kwa msongo wa namna hiyo huvuta mkondo karibu mara 1.4, na joto katika nyaya zake hukaribia kuwa mara mbili. Mota haikuwa mbovu. Iliuawa na mita mia chache za mwisho: waya mwembamba, transfoma ndogo na wateja wengi. Kilomita zote za njia kubwa zilikuwa salama. Upotevu ulikuwa kwenye maungio.

Kuna pia jambo ambalo watu wa kwetu hulitafsiri kuwa dharau, nami nililitafsiri hivyo hivyo: nyaya kubwa kupita juu ya nyumba zenye giza. Ukweli ni kwamba njia ya kilovolti 132 au 220 haichomolewi tu kama mfereji wa shamba. Ili kijiji kipate umeme kutoka humo, lazima kijengwe kituo cha kupozea umeme, na gharama yake ni kubwa mno. Kwa hiyo mahali pa vituo ndipo penye siasa yote. Njia ikishasimamishwa bila kituo, imeshaamua nani ni mwisho wake na nani ni mpita njia.

Mfano wa kinyume uko karibu nasi. Hospitali ya Kagando, iliyo hapa hapa Kisinga, ilijijengea mtambo wake mdogo wa maji. Kwa mizani ya taifa ni kitu kidogo mno. Lakini uliyempangia mwisho wa njia alikuwa mgonjwa, na chanzo, njia na mwisho vilipimwa kwa pamoja. Wahandisi wa Albuquerque wangeuita mpango huo upatanifu wa impidansi. Babu angesema umeme umemfuata mwenye shida.

Hitimisho

Nimeonyesha kwamba sentensi ya babu ni ya kweli, ingawa sababu zake si zile nilizozidhania. Shaba haikwenda Jinja kwa sababu umeme haungeweza kusafiri. Mwaka 1958 ulisafiri hadi Nairobi. Haikwenda pia kwa njama tu, maana hesabu ya reli na tanuru ilikuwa sahihi. Ilikwenda kwa sababu hesabu hiyo iliwahusisha mgodi, bodi ya umeme na soko la nje, na haikuwa na mstari wa mtu wa Kisinga. Hesabu inaweza kuwa sahihi na bado ikamwacha mtu nje.

Leo kuna mpango wa kuiendeleza njia ya msongo mkubwa kutoka Nkenda kupitia Mpondwe hadi Beni, nchini Kongo. Ninauunga mkono. Ndugu zetu wa ng'ambo ya Lubilia wanauhitaji umeme huo, na biashara ya Mpondwe imetuunganisha nao miaka mingi. Ila wakati wa kuupanga, ufanisi usipimwe Nkenda na Beni tu. Upimwe pia saa moja jioni katika soketi ya mwisho ya kila senta njia inapopita, hata kama atakayepima ni mwanafunzi mwenye kipimo cha kuazima.

Baba mdogo amerudia dizeli. Babu bado yu hai, na likizo iliyopita nilimsomea rasimu ya insha hii. Alisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na hao wa Beni, watawekewa kituo, au nyaya zitawapita tu?"